Jani Lilitoka Wapi?

Mzazi mmoja ametueleza kwamba mwanawe, kijana wa skuli, alirudi nyumbani siku moja akauliza mbele ya wageni: "Baba, ni kweli kuwa zamani mimea ilikuwa haina majani?" Baba akamkemea, akamwambia aache upuuzi, kwani kitu kisicho jani wala mzizi si mmea, na maneno ya namna hiyo hayafai kusemwa katika nyumba ya Waislamu. Kijana akanyamaza, wala tangu siku ile hakuuliza tena. Sasa mzazi ataka tumwambie kama alifanya vyema, naye ametupa ruhusa ya kulieleza jambo hili hapa bila ya kumtaja jina.

Sisi twaona hakufanya vyema, na twamtaka radhi kwa kusema hivyo hadharani. Kijana aliuliza jambo la kweli, na ushahidi wake upo, umehifadhika ndani ya jiwe, mtu aweza kuutazama kwa macho yake. Wala hatuoni ni wapi dini ya mtu yapungua akijua kwamba Mwenyezi Mungu aliumba shina kabla ya jani. Tumeona afadhali tulieleze jambo lenyewe tangu mwanzo, ili baba na mwana walisome pamoja.

Aliye na mwembe uani huhesabu sehemu zake kama ahesabuvyo vidole: mizizi, shina, matawi, majani, maua, mbegu. Na kwa kuwa twaziona zote pamoja, twadhani zilikuwako pamoja tangu hapo. Mawe hayasemi hivyo. Mawe yasema kwamba shina lilitangulia. Mzizi na jani vikafuata, kila kimoja kwa njia yake. Kisha mbao, kisha mbegu. Na ua likaja nyuma ya vyote, kwani maua ya kale yanayotambulikana wazi hayazidi umri wa miaka milioni 130 hivi.

Mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, ambayo siku hizi huitwa visukuku, kwa kawaida ni alama tu. Jani huanguka katika tope, tope likafunikwa na tope jingine, likagandamizwa hata likawa jiwe, na jani likabaki utando mweusi mfano wa karatasi iliyoungua. Alama hiyo yaonyesha umbo la nje, walakini ya ndani yote yamepondeka. Ni kama mtu atakaye kujua saa huendaje, naye hana ila picha ya saa. Lau wataalamu wasingepata ila alama hizi, swali la kijana wetu lingalikuwa gumu kujibiwa.

Lakini katika nchi ya Uskoti, upande wa Aberdeenshire, kiko kijiji kiitwacho Rhynie. Huko, katika mwaka 1912, tabibu mmoja aitwaye William Mackie, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu wagonjwa na kupenda mawe kulikuwa ni mazoea yake ya nje ya kazi, aliona vipande vya jiwe gumu, jamii ya gumegume, mashambani na katika kuta za mawe zizungukazo mashamba. Jiwe hilo likakatwa ubale, ubale ukabandikwa juu ya kioo na kusuguliwa mpaka ukawa mwembamba hata mwanga ukapenya, kisha ukatiwa chini ya hadubini. Yakaonekana mashina ya mimea yamekatwa mfano wa mtu akatavyo muwa, na kila seli, yaani kila chembe ya uhai iliyoujenga mwili wa mmea, imesimama mahali pake kama ilivyokuwa siku ya kufa kwake.

Sababu yake ni hii. Aliyefika Ziwa Bogoria nchini Kenya ameona maji yanayochemka yakitoka ardhini yenyewe. Mahali pale pa Rhynie palikuwa na chemchemi za moto za jinsi hiyo, na maji yake yalibeba silika, nayo ndiyo kitu ambacho mchanga mweupe na kioo hufanywa kwacho. Kila mara maji yalipofurika juu ya kinamasi kilichokuwa karibu, silika iliingia ndani ya mimea, ikajaza kila seli na kuganda kabla ya mmea kuwahi kuoza. Umri wake umepatikana kwa kupima madini yaliyomo katika mawe ya mahali hapo, ambayo hugeuka kidogo kidogo kwa mwendo usiobadilika. Nao ni kama miaka milioni 407. Wakati huo hakukuwa na ndege, wala nyoka, wala mnyama yeyote wa miguu minne aliyekanyaga nchi kavu, na ardhi ya Uskoti yenyewe ilikuwa kusini ya mstari wa Ikweta.

Waliochukua kazi ya kuyachunguza mawe hayo walikuwa wawili: Robert Kidston, aliyekuwa bingwa wa visukuku vya mimea, na William Henry Lang, profesa wa elimu ya mimea katika mji wa Manchester. Walitoa habari zao kwa sehemu tano kati ya mwaka 1917 na 1921, ilhali Ulaya ilikuwa imo vitani au ndiyo kwanza inatoka vitani. Mmea wao wa kwanza waliuita Rhynia, kwa jina la kijiji. Urefu wake ni kama shibiri moja, na unene wake milimita 2 au 3. Ni shina tupu la kijani ambalo hugawanyika mapande mawili, na kila pande likagawanyika tena mawili, mpaka kwenye ncha, ambako pana vifuko vidogo vilivyojaa spora, yaani vumbi la uzazi kama lile tulionalo chini ya majani ya kangaga. Upande wa chini shina hulala juu ya udongo, nalo limeota nyuzi nyembamba mfano wa vinyweleo. Jani hakuna. Mzizi hakuna.

Basi yatosha kumjibu kijana: ndiyo, ilikuwako mimea isiyo na majani, na si majani tu.

Pengine baba atauliza: tutajuaje kuwa haikuwa miani ya baharini iliyotupwa ufukoni? Jiwe lajibu. Kwanza, nje ya shina pana utando uzuiao maji yasitoke, na mwani ulioko baharini hauna haja ya kujifunika ili usikauke. Pili, juu ya ngozi hiyo pana vitundu vya kupumulia, na kila kitundu kina seli mbili mfano wa midomo, za kukifungua na kukifunga. Vitundu kama hivyo mwembe wetu unavyo hata leo. Tatu, katikati ya shina pana mshipa wa kupandishia maji, na seli zake zimezungushiwa mikanda ya kuzitia nguvu, kama pipa lizungushiwavyo pete za chuma lisipasuke. Mmea huu uliishi hewani, ukapanda wima, ukajilinda na jua. Uliyafanya hayo yote kwa shina peke yake.

Hapa twapenda kumtaja mtu ambaye twaona alidhulumiwa kidogo. Katika mwaka 1859, John William Dawson, mkuu wa chuo cha McGill katika mji wa Montreal, alieleza habari ya mmea wa kale alioupata katika mawe ya Gaspé, mashariki ya Kanada. Akauita Psilophyton, na akauchora ukiwa na vijiti vitupu vinavyogawanyika, bila ya majani ya maana. Mchoro wake haukutiliwa maanani. Mmea wa namna ile haukufanana na kitu chochote kilichojulikana, na aliyeonyesha vipande vilivyopondeka alikuwa na ushahidi dhaifu wa kuwakinaisha wenziwe. Dawson alifariki mwaka 1899. Miaka 18 baadaye Kidston na Lang walipotoa habari ya Rhynia, ndipo watu walipokumbuka mchoro wa mzee yule wakaona kwamba alikuwa amesema kweli. Baba aliyemkemea mwanawe asidhani kwamba ni yeye peke yake aliyelikataa jambo hili, maprofesa walimtangulia.

Tena Kidston na Lang nao walikosea. Mmea mmoja mwingine wa Rhynie, mnene kidogo kuliko ule wa kwanza, waliuhesabu kuwa ni ndugu yake, wakaupa jina hilo hilo la Rhynia. Katika mwaka 1986 David Edwards aliutazama upya, akaona kwamba seli zake za kupitishia maji hazina ile mikanda ya kuzitia nguvu. Zafanana zaidi na za kuvumwani zile za kijani tuzionazo juu ya kuta zenye unyevu. Akautoa katika jamii ile na kuupa jina jipya, Aglaophyton. Miaka 66 ilikuwa imepita tangu kosa hilo liandikwe. Kosa lilionekana kwa kuwa jiwe lipo bado, na kila atakaye aweza kulitazama tena. Vioo vya Kidston mwenyewe vimewekwa Glasgow hata leo.

Mmea huo wa Aglaophyton ulitoa jambo jingine katika mwaka 1994. Ilikuwa ni fumbo mmea usio mzizi ulipataje chakula cha ardhini. Wataalamu wakaona ndani ya seli zake nyuzi za kuvu zimeingia na kutoa matawi madogo madogo, mfano wa mti mdogo ndani ya chumba. Umbo hilo twalijua, kwani limo katika mizizi ya mahindi na mihogo ya leo: kuvu huuletea mmea chumvichumvi za ardhi, na mmea huipa kuvu sukari. Kumbe ushirika huo ulitangulia mzizi wenyewe.

Ama mzizi, kisa chake kimo katika mmea wa tatu wa Rhynie, Asteroxylon, uliokuwa mkubwa kuliko wenziwe, hata kufikia sentimita 40. Mmea huu ulikuwa na matawi yaliyoshuka ardhini. Mzizi wa leo una kofia ngumu kwenye ncha yake, ili usijeruhiwe na mchanga uupenyapo, nao umeota vinyweleo vya kunywea maji. Katika mwaka 2018, Alexander Hetherington na Liam Dolan wa Oxford walieleza kwamba ncha ya tawi lile la ardhini haina kofia wala vinyweleo. Katika mwaka 2021 wao na wenzao walipanga picha za bale nyingi za jiwe, moja baada ya moja, wakaujenga mmea mzima upya kwa kompyuta. Ikaonekana kwamba matawi hayo ya chini yalitokana na shina kugawanyika mawili, kama lilivyozoea kugawanyika hewani. Basi mzizi wa Asteroxylon ni shina lililoelekea chini, limeshika kazi ya mzizi na bado halijapata vyombo vyote vya kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye jani, nalo ndilo lililoulizwa. Jani halikuja kwa mlango mmoja.

Njia ya kwanza yaonekana katika Asteroxylon huyo huyo. Shina lake limefunikwa na vijani vidogo mfano wa magamba ya samaki. Ukilikata jiwe waona mshipa wa maji watoka katikati ya shina waelekea kwenye kijani, lakini ufikapo shinani mwa kijani hukoma, haukuingia ndani. Katika jamaa zake waliokuja baadaye mshipa uliingia, ukawa mmoja tu, umenyooka katikati. Watoto watapenda pia jambo hili: wakihesabu mistari ya macho ya nanasi inayozunguka kwa mshazari, aghlabu watapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili, na mpango wa hesabu za namna hiyo umeenea katika mimea mingi ya leo. Katika mwaka 2023 Holly-Anne Turner wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, pamoja na wenzake, walihesabu mistari ya vijani vya Asteroxylon, wakakuta haifuati mpango huo.

Njia ya pili ndiyo iliyoleta jani pana, la mwembe, la mgomba na la kangaga. Walter Zimmermann, Mjerumani, alilieleza jambo hilo katika mwaka 1930, na maelezo yake yangali yakitumika. Tuchukue lile shina la Rhynia linalogawanyika mawili kwa sawa. Kwanza, pande moja likazidi nguvu likawa shina kuu, na la pili likabaki tawi la ubavuni. Kisha vijitawi vya ubavuni, ambavyo vilikuwa vimeelekea kila upande, vikalala bapa kama vidole vya mkono uliowekwa juu ya meza. Kisha nafasi iliyo baina ya kijitawi na kijitawi ikajazwa nyama ya kijani, kama ngozi iliyo baina ya vidole vya bata. Mtu akiligeuza jani la mwembe na kutazama mishipa yake, anatazama mahali palipokuwa na vijitawi.

Swali lililowasumbua wataalamu ni kwa nini jambo hilo lilichelewa sana. Tangu mimea midogo yenye mishipa ilipoonekana katika nchi kavu mpaka majani mapana yalipoenea palipita miaka kama milioni 40. Katika mwaka 2001 David Beerling na wenzake wawili walitoa jawabu ambalo sisi tumelipenda kwa wepesi wake. Vile vitundu vya kupumulia mmea huvutia hewa ya kaboni, nayo ndiyo chakula chake, na kwa vitundu hivyo hivyo hutoka mvuke, ambao huupoza mmea kama jasho limpozavyo mtu. Zama za Rhynie hewa ya kaboni ilikuwa tele mno, na mmea haukuwa na haja ya vitundu vingi. Kwa shina jembamba hapakuwa na hasara, kwani shina halikusanyi jua kali. Lakini lau ungetandaza jani pana lenye vitundu vichache, jani lingeshika jua lote na jasho lisingetosha, lingeungua. Hewa ya kaboni ilipopungua, mimea ililazimika kuongeza vitundu, na vitundu vilipozidi, jasho lilizidi, na jani likaweza kupanuka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulipima majani yaliyogeuka mawe ya zama hizo, ukakuta yalipanuka mara 25 kadiri hewa hiyo ilivyopungua.

Na ni nani aliyeipunguza hewa ya kaboni? Wataalamu wengi waona kwamba mimea yenyewe ilikuwa na sehemu kubwa, na hasa mizizi. Mzizi ushukao chini huvunja mwamba. Maji na hewa ya kaboni hufanya kazi juu ya mwamba uliovunjika, na kaboni hiyo huchukuliwa na mito hata baharini, ikaishia kuwa chokaa. Kwa hiyo mzizi ulilifungulia jani mlango.

Mizizi ya namna hiyo imeonekana. Katika jimbo la New York, Marekani, kuna mji mdogo uitwao Cairo, na msomaji asidhani ni ule wa Misri. Huko, katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, pamefunuliwa sakafu ya msitu wa kale wa miaka kama milioni 386, na habari yake ilitolewa mwaka 2019. Miti imekwisha, mizizi imebakia imejichora juu ya jiwe, mingine ikienea mita 11. Yafanana sana na mizizi ya Archaeopteris, mti mkubwa ambao wenyewe wana kisa cha kuchekesha. Majani yake yalijulikana tangu karne ya 19, yakahesabiwa kuwa ya kangaga, kwa kuwa yalibeba spora. Gogo lake nalo lilijulikana kwa jina jingine, Callixylon, likahesabiwa jamaa wa msonobari, kwa kuwa mbao yake ni ya msonobari. Vitabu viliviweka mbalimbali. Kisha mwanachuo wa Marekani, Charles Beck, akapata jiwe moja ambalo majani hayo yameshikamana na mbao hiyo, na katika mwaka 1960 akatangaza kwamba ni mti mmoja. Mbao za msonobari, uzazi wa kangaga: mbao zilikuwa zimefika, mbegu zilikuwa bado.

Mbegu ilifuata baada ya miaka kama milioni 20 na zaidi. Karibu na mji wa Elkins, katika jimbo la West Virginia, zimepatikana mbegu za mmea ulioitwa Elkinsia, wa zamani za miaka yapata milioni 360. Mbegu ya leo, tuseme ya ubuyu, ina ganda lililofumbika pande zote ila kitundu kidogo. Ganda la Elkinsia halijafumbika. Ni vipande vyembamba vinne au vitano, vimeshikana upande wa chini, na juu vimeachana, vimeizunguka ile sehemu ya ndani kama vidole vilivyoshika yai.

Nafasi yetu imekwisha. Habari ya ua tutaiweka kwa mwezi ujao, inshallah. Na yule kijana, ikiwa baba yake amemruhusu kuuliza tena, na atuletee sisi maswali yake.